Injini Ndogo ya Treni: Kuvuta Kwake na Kutunzwa Kwake

Maneno ya somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Makandana, Tukuyu

    

Leo tutajifunza habari za injini ya treni ya mfano. Nasema ya mfano, yaani injini ndogo inayotosha mezani, iliyoundwa kwa kupunguza vipimo vya injini kubwa, na inayokwenda juu ya reli zake kwa nguvu ya umeme. Najua wako watakaouliza: "Je, watu wazima tukae kitako kujifunza kitu cha kuchezea watoto?" Swali hilo ni la haki, nami nalijibu mapema. Injini hii ina mota, giya, ekseli, magurudumu na njia za umeme. Mtu akielewa kwa nini imeshindwa kupanda kilima cha ubao, amekwisha kuelewa sababu moja kubwa inayoishinda injini halisi kupanda mlima. Tena injini halisi huwezi kuipakata mapajani ukaichungulia tumbo. Hii waweza.

Katika somo hili lote nataka ushike neno moja. Injini ndogo inayogoma, mara nyingi haikuvunjika, imechafuka. Kwa hiyo kazi ya fundi huanza kwa kitambaa, haianzi kwa bisibisi. Hapa petu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu vipuri vya injini hizi haviuzwi sokoni Tukuyu. Skrubu ya milimita mbili ikidondoka na kupotelea katika ufa wa sakafu, huenda ukawa ndio mwisho wa injini nzima.

VIPIMO VYAKE

Reli haikufika Tukuyu. Treni iliyo karibu nasi ni ile ya TAZARA ipitayo Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka hapa. Reli hiyo ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hata 1975, nayo ina urefu wa kilomita 1,860, tangu Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia.

Lakini hata kabla ya hiyo, jina la mlima wetu lilikwisha kuandikwa ubavuni mwa injini. Katika miaka ya 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5916 iliitwa Mount Rungwe, na namba 5920 Mount Mbeya. Injini za daraja hilo zilivuta mizigo mizito katika njia ya Mombasa na Nairobi. Ukitaka kujua ukubwa wake, mwenzao namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi.

Tuseme tunataka kuifanya Mount Rungwe iwe ndogo. Kipimo kinachotumiwa na watu wengi duniani ni cha moja kwa 87. Injini ile ilikuwa na urefu wa mita 31 na zaidi kidogo. Gawanya kwa 87, utapata sentimita 36 hivi. Basi itakaa mezani bila shida.

Je, uzito? Hapa wengi hukosea. Injini ile ilikuwa na uzito wa tani 256 hivi. Usigawanye kwa 87 mara moja tu. Kitu kikipunguzwa, hupungua urefu, hupungua upana, hupungua na kimo. Kwa hiyo hapana budi ugawanye kwa 87 mara tatu. Jibu litakuwa gramu 390 hivi, pungufu ya nusu kilo! Kumbuka tarakimu hiyo, maana uzito ndio unaotawala nguvu ya kuvuta.

Na mwendo je? Pima mita moja juu ya reli zako, halafu hesabu sekunde. Injini ya kipimo hiki ikiipita mita hiyo kwa sekunde 4, ni sawa na injini kubwa inayokwenda kilomita 78 kwa saa. Ikiipita kwa sekunde moja, ni sawa na kilomita 313 kwa saa. Hakuna treni ya mizigo iendayo hivyo. Basi usiikimbize injini yako kama swala, huichakaza bure.

NGUVU YA KUVUTA HUTOKA WAPI?

Ukimwuliza mtu njiani, atakwambia, "Nguvu hutoka katika mota." Hakukosea, lakini hakumaliza. Mota huzungusha gurudumu. Kinachosukuma treni mbele ni mshiko wa gurudumu juu ya reli. Mahali pale chuma kinapogusa chuma ni padogo sana. Mshiko ukikosekana, gurudumu huzunguka palepale, kama gari lililonasa katika tope la masika njia ya Busokelo.

Mshiko hutegemea mambo mawili: uzito unaokandamiza magurudumu ya kuvutia, na hali ya chuma, kama ni safi na kikavu, au kina mafuta na maji. Mount Rungwe ilikuwa na ekseli 8 za kuvutia, kila moja ikibeba tani 21 hivi. Jumla ni tani 168. Lakini nguvu yake ya kuvuta ilikuwa tani 38 hivi, haikufika robo ya uzito huo. Injini ndogo nayo ina sheria hiyohiyo. Ikiwa na gramu 400, na uzito wote uko juu ya magurudumu ya kuvutia, tarajia mvuto wa gramu 80 hivi.

Waweza kuupima mwenyewe. Funga uzi nyuma ya injini, uupitishe juu ya kigurudumu kinachozunguka kwa wepesi ukingoni mwa meza, kisha uning'inize kifuko kidogo. Endesha injini polepole, huku unatia punje za mahindi katika kifuko. Magurudumu yakianza kuteleza, simamisha. Peleka kifuko dukani kikapimwe. Uzito huo ndio mvuto wa injini yako. Uandike katika daftari pamoja na tarehe. Baada ya miezi sita pima tena. Ukiona umepungua, injini inakueleza jambo.

Sasa tuseme kila behewa lina gramu 100, na penye tambarare linahitaji mvuto wa gramu mbili na nusu. Gramu 80 zitavuta mabehewa 32. Lakini inua njia sentimita 2 katika kila mita. Kila behewa sasa linadai gramu 2 zaidi, na injini yenyewe inadai gramu 8 za kujipandisha. Piga hesabu: mabehewa yanabaki 16. Mwinuko mdogo, usioweza hata kuutambua kwa jicho, umekunyang'anya nusu ya treni!

Ndiyo maana njia ya TAZARA, inapoacha bonde la Kilombero pale Mlimba na kupanda hata Makambako, ilizitaabisha sana injini za kwanza zilizotoka China. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zililetwa nyingine kutoka Ujerumani, ambazo dizeli huzalisha umeme, na umeme huzungusha mota zilizo kwenye ekseli. Waona basi, jamaa wa karibu wa injini yako ya mezani wamo katika reli ya Mbeya.

Wengine husema, "Kama uzito ndio mshiko, nitaongeza risasi ndani ya injini." Ngoja kwanza. Injini ikizidiwa, ni heri magurudumu yateleze kuliko mota isimame. Mota iliyosimamishwa na mzigo, huku umeme ukiendelea kuingia, hupata moto na nyaya zake huungua. Kuteleza ni kinga yake. Ukiongeza uzito kupita kiasi, umeiondoa kinga hiyo. Kama ni lazima kuongeza, ongeza kidogo kidogo, na kila mara hakikisha magurudumu bado yanaweza kuteleza. Tena risasi ni sumu. Nawa mikono, na usiwape watoto waichezee.

SAFARI YA UMEME

Injini tunayoisema hutumia umeme wa volti 12 wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri. Umeme hupanda kutoka reli moja, hupita katika gurudumu, huingia katika vipande vyembamba vya shaba vinavyoligusa gurudumu, hufika kwenye mota, kisha hurudi kwa reli ya pili. Ndani ya mota umeme huingia kwa vipande viwili vya kaboni vinavyosugua komuteta, yaani kile kipande cha shaba cha mviringo kilichokatwa sehemu sehemu. Ukiongeza volti, mwendo huongezeka. Ukibadili waya za reli, injini hurudi nyuma.

Hesabu sasa mahali umeme unapovuka kwa kugusana tu: reli na gurudumu, gurudumu na shaba, kaboni na komuteta. Kila mahali hapo ni kivuko. Uchafu mwembamba kuliko karatasi ukikaa kivukoni, safari imekatika.

Kamwe usiunganishe reli na umeme wa ukutani. Ule ni wa volti 230, nao huua. Tumia transfoma na kidhibiti mwendo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mahali pasipo na umeme, betri ya pikipiki ya volti 12 yaweza kufaa, mradi iwe na kidhibiti mwendo na fyuzi ya ampea 1. Bila fyuzi, reli mbili zikiguswa na msumari, waya zitawaka moto. Na umeme wa nyumbani ukikatika, chomoa transfoma. Usiingoje injini ipokee kishindo cha umeme unaporudi. Kama injini yako ni ya siku hizi, yenye kifaa cha kielektroniki cha kupokea amri, usafi na mafuta ni yaleyale, bali kwa umeme fuata karatasi ya kiwanda.

KAZI YA KITAMBAA

Tukuyu ni nchi ya mvua. Hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ina unyevu hata siku isiyo na mvua. Kisha vumbi letu limechanganyika na chembe za mawe mepesi ya volkano, ambazo hukwaruza kama msasa. Unyevu na vumbi, pamoja na moshi wa jikoni, ndio adui watatu wa injini yako.

Kwanza, safisha reli. Chukua kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kitie spiriti kidogo ya dawa, ufute juu ya reli mpaka kitambaa kisitoe weusi. Usitumie petroli, utachoma nyumba. Usitumie msasa, huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni shimo la kuhifadhi uchafu mpya. Fungua dirisha, weka mbali kibatari na jiko, na usiwashe umeme mpaka spiriti imekauka.

Pili, safisha magurudumu. Geuza injini chali juu ya taulo, ufute kila gurudumu kwa kijiti chenye pamba iliyolowa spiriti kidogo, ukilizungusha taratibu. Usisahau magurudumu ya mabehewa, maana hayo ndiyo yanayobeba uchafu na kuueneza njia nzima.

Tatu, tazama vile vipande vya shaba vinavyogusa magurudumu. Toa nyuzi na nywele kwa kibanio. Hakikisha kila kimoja kinagusa gurudumu lake, lakini kisilibane.

Ukifika hapo, jaribu injini. Mara nyingi itakwenda, na bisibisi hukuigusa.

MAFUTA: TONE, SI KIJIKO

Injini nyingi zimeuawa na huruma ya mwenyewe, aliyedhani mafuta mengi ni matunzo mengi. Mafuta yanayozidi hutambaa. Hufika kwenye magurudumu, mshiko ukapotea. Hufika kwenye komuteta, yakachanganyika na unga wa kaboni yakawa tope jeusi. Chovya ncha ya sindano katika mafuta, na tone linaloning'inia hapo ndilo kipimo. Tia moja kwenye kila ncha ya ekseli na kila mwisho wa mhimili wa mota. Giya hupakwa grisi kidogo, siyo mafuta mepesi. Kwenye komuteta usitie kitu.

Usitumie mafuta ya kupikia. Ya alizeti hukauka yakawa kama gundi. Mafuta mepesi ya cherehani yaweza kufaa, lakini plastiki nyingine huliwa na mafuta. Tia tone kwanza juu ya kipande cha plastiki kisicho na kazi, ukiache siku kadhaa. Kikilainika au kupasuka, tafuta mafuta mengine.

Injini kubwa hunyunyiza mchanga juu ya reli ili zipate mshiko. Usiige jambo hilo. Chembe moja ya mchanga katika giya ndogo ni kama jiwe katika kinu.

KUISIKILIZA INJINI

Injini hunena na mwenyewe. Ikienda kwa kushtukashtuka, na taa yake ikipepesa, rudi kwenye kitambaa. Magurudumu yakiteleza palepale, tazama kama reli ina mafuta au mabehewa yamezidi. Mota ikinguruma na magurudumu yasigeuke, huenda grisi imeganda, au giya imelegea kwenye ekseli. Ukisikia tak, tak, tak, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, shuku giya ya plastiki iliyopasuka. Ukisikia harufu ya kuungua, kata umeme hapo hapo, kisha uliza maswali baadaye.

Sasa ndiyo zamu ya bisibisi, ikiwa hapana njia nyingine. Tandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kutosha, mchana, penye mwanga. Panga skrubu kwa mfuatano ulivyozitoa, au piga picha kwa simu kila hatua. Tazama kaboni, zikiwa fupi mno zibadilishwe, zote mbili pamoja. Safisha komuteta kwa kijiti chenye pamba na spiriti, na mifereji yake kwa kijiti cha meno. Lakini sumaku usiitoe bila sababu, maana katika mota nyingine za zamani hupungua nguvu ikitolewa.

Injini ikiwa mpya, au imefunguliwa karibuni, iendeshe bila mabehewa nusu saa mbele na nusu saa nyuma, kwa mwendo wa wastani, ili meno ya giya yazoeane. Ukimaliza kazi, ihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu. Reli za nikeli-silva hazishiki kutu, lakini skrubu na ekseli za chuma hushika.

MWISHO

Ndugu wasikilizaji, TAZARA katika miaka yake mizuri ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka. Mwaka wa fedha wa 2014/2015 haikufikisha hata tani laki moja. Sababu zilikuwa nyingi, lakini uchache wa injini zilizo tayari kwa kazi ulikuwa miongoni mwa zile kubwa. Mlima wa Mlimba haukuongezeka kimo, wala reli haikurefuka. Injini zilisimama, vipuri vikakosekana. Kijana wa Rungwe anayejifunza leo kuandika tarehe ya mafuta katika daftari la injini ya gramu 400 anajifunza kazi ileile inayodaiwa na injini ya tani mia. Kwa hiyo msimcheke.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kwa nini uzito wa injini ya mfano hugawanywa kwa 87 mara tatu, si mara moja?
2. Injini yapita mita moja kwa sekunde 8. Ni sawa na kilomita ngapi kwa saa kwa injini kubwa?
3. Eleza kwa nini kuteleza kwa magurudumu huikinga mota.
4. Taja vivuko vitatu vya umeme, na namna ya kukisafisha kila kimoja.
5. Ni mashine gani nyingine hapa Makandana, kama cherehani, pikipiki au mashine ya kusaga, ambayo hufunguliwa kwa bisibisi kabla ya kufutwa kwa kitambaa? Mwenye nayo aieleze kwa wenzake.